Haki ya Kusema Kata

Asubuhi ile ilikuwa saa tatu kwa mara ya pili. Saa za mji wetu huchorwa ukutani, na mchoraji wake ni mtu mmoja tu, mwenye ngazi moja na kopo moja la rangi nyeusi. Akichelewa kupata chai, saa tatu hukaa palepale mpaka ashibe. Hatulalamiki. Tumezoea kuzeeka kwa kufuata ngazi ya mtu. Nilimkuta juu ya ngazi hiyo, nje ya mlango wa usaili, brashi mdomoni kama mswaki, nikamwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee wa muda."

"Marahaba. Umewahi au umechelewa?"

"Si wewe ndiye unayejua?"

Aliutazama ukuta kwa muda mrefu. "Bado sijaamua," akasema.

Hapa naomba, kwa unyenyekevu unaostahili jambo zito, nieleze kwamba mimi ni bingwa wa shikamoo. Niliisomea. Katika shule ya bweni niliyopelekwa nikiwa na umri wa miaka tisa, njuka, yaani mwanafunzi mgeni, alipaswa kukiamkia kila kilichotangulia kufika pale: viranja, kengele, bomba la maji, sufuria la uji, na kiatu cha kushoto cha kiranja mkuu. Cha kulia kilikuwa na cheo cha juu mno, hakikuamkiwa na watoto. Tuliamkia asubuhi, tuliamkia jioni, tuliamkia tukiwa tumepiga magoti kwenye kokoto, mpaka neno likaisha utamu na maana kama muwa uliotafunwa na bweni zima. Kufika kidato cha tatu niliweza kumwamkia mbwa wa mlinzi kwa adabu iliyomfanya mlinzi mwenyewe aitikie. Watu wa mji huu wakiniona kazini husema nina kipaji. Si kipaji. Ni kokoto.

Siku hiyo nilikuwa na usaili mara mbili na kazi moja ya kupigwa picha, yote kabla ya chakula cha mchana, na nilikuwa nimekuja kwa sababu ya tangazo lililobandikwa kwenye kila ukuta ambao ni ukuta kweli. Kuta nyingi za huku ni mbao nyembamba zilizopakwa rangi. Ukiegemea vibaya unaangukia nchi nyingine. Tangazo lilisema: ATAKAYEPATA NAFASI YA MFALME ATAPEWA, PAMOJA NA PAJA LA KUKU, HAKI YA KUSEMA KATA. MARA MOJA.

Nikueleze kuhusu Kata, maana bila hilo utatuona wajinga, na sisi tungependa utuone hivyo kwa sababu nyingine. Katika mji huu hakuna anayekoma mpaka aambiwe. Mwongozaji husema "Ekshen," mtu akaanza: kulia, kuoa, kufagia, kufa. Na atalia, ataoa, atafagia, atakufa, mpaka Mwongozaji aseme "Kata." Asiposema, unaendelea. Kuna bibi harusi mtaa wa pili ana wajukuu na bado anavishwa pete. Neno lenyewe ukilitazama ni jembamba, silabi mbili, halina hata nguo. Watu wa zamani walikuwa wakilivalisha: kata shauri, kata kiu, kata tamaa, kata kauli, kata roho. Sisi tunalisema uchi, na labda ndiyo maana lina nguvu hivyo, kwa kuwa neno lisilotaja linakata nini linaweza kukata chochote. Nimelifikiria sana jambo hili, hasa saa za prepo, za kujisomea usiku, nilipotakiwa kufikiria hesabu. Kuanza tunaanza wenyewe. Hata kifaranga huanza mwenyewe. Nani basi alimpa mtu mmoja mwisho wa watu wote, auweke mfukoni pamoja na leso yake?

Baba yangu hajaambiwa Kata kwa miaka tisa.

Ni kosa langu, na nitalisema bila kujitetea, kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu wa zamu. Baba ni msanii. Katika Banda la Saba alikuwa akicheza baba anayemsubiri mwanawe arudi nyumbani kwa likizo: meza, sahani ya ugali na dagaa, kiti alichokalia. Mwana nilikuwa mimi, wa kweli na wa kwenye picha, kaptula ya kaki, sanduku la bati mkononi. Nilitakiwa kuingia mlangoni na kusema neno moja. Moja tu, ambalo hata kasuku asingelikosea. Nikalidharau. Nikajificha nyuma ya ukuta wa mbao na badala yake nikapaza, kwa sauti ya Mwongozaji mwenyewe, nzito, yenye kohozi mwanzoni: "Kata!" Baba alikuwa ameshatumbukiza mkono kwenye ugali, akaunyanyua. Watu wote bandani wakaangua kicheko, na kwa kicheko hicho baba akatambua kwamba neno halikuwa la mwenyewe, na mkono wake ukasimama hapohapo ulipofika, nusu ya njia, si wa sahani si wa hewa. Mwongozaji hakucheka. Alipangusa midomo, akasema taratibu, "Kumbe kuna mwenye neno mwingine. Basi namwachia," akavaa kofia yake akatoka. Kesho yake nikapelekwa bweni.

Nikiwa shuleni niliua shangazi kumi na mmoja, kila mmoja kwa barua yake, ili nipewe ruhusa ya msiba nije kusimama nje ya Banda la Saba. Sikuwahi kupita mlangoni. Asiye na haki ya Kata haingii. Ndiyo maana wenzangu waliniita Msiba. Jina langu ni Chande, lakini hadi siku hiyo mtu wa mwisho kuniita hivyo alikuwa na mkono hewani.

Katika chumba cha usaili tulikuwa arobaini, kisha tukawa wawili. Kilichotokea katikati sikumbuki. Katikati hukatwa.

Aliyebaki nami alikuwa Gaudensi. Kwa miaka minne yeye alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Kila aliloliota lilipanda kwangu.

"Msiba!" akasema. "Shangazi hajambo?"

"Kafa."

"Tena?"

"Huyu ni wa upande wa mama."

"Poleni sana. Mazishi saa ngapi?"

"Mchoraji bado hajaamua."

Tulicheka kimyakimya, kwa mabega, kama wakati wa sala ya jioni. Mbele yetu Mwongozaji alikuwa amekaa akitupa mgongo. Yeye hatazami watu. Hutazama kioo kidogo cha kunyolea alichokishika mkononi, na ndani ya kioo hicho watu hutokea wadogo, kushoto kwao kukiwa kulia, kama anavyowapenda. Kwenye meza yake palikuwa na mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Kando yake alisimama Dada Asumpta, mwenye kibao cha kugonga kabla ya kila picha na wembe kwenye mfuko wa gauni. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba jana na leo zinafanana.

"Nataka kofi," akasema Mwongozaji, akimenya yai. "Mtapigana kwa zamu. Atakayepiga kofi lenye historia ndiye mfalme. Aliyepigwa tutamtafutia kazi ya chini."

"Ya chini kiasi gani, mkuu?" akauliza Gaudensi.

"Utaona."

Makofi ya kwanza yalikuwa ya kirafiki, ya kusalimiana mashavu. Ya tano na ya sita yalikuwa ya kazi. Kufika la kumi, masikio yangu yalikuwa yakiimba wimbo wa shule, beti zote. "Hayana kitu," Mwongozaji alikiambia kioo. "Haya ni makofi ya kuua mbu." La kumi na tatu lilikuwa la Gaudensi, nalo lilikuwa zuri kiasi kwamba Dada Asumpta aliinua kibao chake, na yai likasita mkononi mwa Mwongozaji. Nikaona paja la kuku likielekea kwake, na haki ya Kata nyuma yake, na mkono wa baba ukibaki pale ulipo kwa miaka mingine tisa.

Basi nikaikumbuka Jumapili ya wageni. Kila mwisho wa mwezi wazazi walikuja na chapati na mafuta ya kujipaka, na kila mwisho wa mwezi Gaudensi alioga tangu alfajiri, akachana nywele kwa maji, akakaa dirishani linapoonekana geti, mpaka kengele ya saa kumi na moja. Mama yake hakuja hata mara moja. Gaudensi alikuwa akishuka dirishani na kusema, "Labda ni barabara." Sisi tulicheka kila kitu, tulicheka kipofu akija kutuhubiria, tulicheka mwenzetu aliyeng'atwa na nyoka mpaka alipoacha kucheka nasi, lakini hilo la dirishani hatukuligusa. Lilikuwa kitu pekee shule nzima ambacho hakikuwahi kuchezewa. Nadhani nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya siku ya kazi.

"Gau," nikasema, nikitazama juu ya bega lake, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayepita na ndoo. "Mama yako yuko getini."

Akageuka.

Alijua. Mtu wa miaka kumi na minane, ndani ya chumba kisicho na geti, alijua kabisa. Ila shingo haikujua. Kofi langu likamkuta uso ukiwa umeshaanza kufurahi.

"Hilo," akasema Mwongozaji, na yai likaingia.

Gaudensi hakunitukana. Alijishika shavu, akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei, "Hilo ulikuwa umeliweka wapi siku zote?"

Usaili wa pili ulifuata hapohapo. Mchoraji wa saa alikuwa bado juu ya ngazi. Kazi ya chini ilikuwa kiti. Gaudensi alipiga magoti, akaweka viganja sakafuni, akanyoosha mgongo, akapita bila swali, maana bwenini sote tuliwahi kuwa viti. Zamu ikawa yangu. Nilitakiwa kukaa.

"Kaa kama mtu asiyejua kwamba kuna mtu chini yake," akasema Mwongozaji. "Wengi huanguka hapa. Wanakaa kwa huruma, na huruma huonekana matakoni."

Nikakaa.

"Umenenepa, Msiba," kiti kikasema kwa sauti ya chini.

Sikutazama. Wala si kwamba nilijizuia kutazama, kwa kuwa anayejizuia anajulikana shingoni. Nilitafuta ndani yangu mahali ambapo hapakuwa na Gaudensi, nikapapata haraka kuliko nilivyotaka. Tangu hapo nimewaza kwamba tulifundishwa uongo kuhusu wafalme. Tuliambiwa uzito wao uko kwenye taji, kwenye upanga, kwenye sauti. Mfalme hana uzito wowote zaidi ya wako na wangu. Mpime kwenye mizani ya zahanati utaona. Kinachomfanya mfalme ni kutokujua anakalia nini, na kutokujua huko si ujinga, ni ufundi, kuna usaili wake, na mimi niliupita kwa mara ya kwanza bila hata kufanya mazoezi.

"Ndiye," akasema Mwongozaji. "Mleteeni kuku."

Tukahamia banda la mfalme bila kutembea. Walibadilisha kuta tu. Dada Asumpta alinivisha taji la bati la samli, upande wenye maandishi ukiwa nyuma. Sakafuni palikuwa na mstari wa chokaa uliotutenga sisi na waliosimama nyuma ya kamera. Ndani ya mstari walikuwapo mawaziri watano, na wa tatu wao alishika fagio.

"Yule mbona ana fagio?" nikauliza.

"Yule alikuwa mfagiaji wetu," akasema Dada Asumpta, akinipaka poda puani. "Alikuwa nje ya mstari anafagia zake, akapiga chafya. Mfalme aliyekuwepo akamwambia, 'Afya.' Huku ukijibiwa na wa ndani, nawe umeshakuwa wa ndani. Mwaka wa nne huu ni waziri."

"Waziri wa nini?"

"Wa afya."

Akagonga kibao. Ekshen. Nilitafuna paja la kuku kwa muda nisioweza kuutaja, kwa kuwa sijui kama ulikuwa nusu saa au muhula. Mawaziri waliinama, wakainuka, wakainama. Chini yangu kiti kilipumua. Kisha kikapumua kwa shida. Kisha nikaacha kusikia, na hilo, nasema kwa fahari yote ya taaluma, lilikuwa igizo langu bora kuliko yote. Mfupa ulipobaki mweupe, Dada Asumpta aliniletea karatasi yenye mhuri. Iliandikwa: Haki ya Kata, moja. Haigawanyiki. Isemwe nyuma ya mstari wa chokaa. Mwenye haki hii huruhusiwa kutoka.

"Ukilisema hapa," Mwongozaji aliniambia kupitia kioo, "hawa wote wanakwenda kula. Ukitoka nalo, wanabaki. Mimi sina upande."

Kama nilikuwa nyuma yake au mbele yake, sijui. Kioo kilikuwa kimegeuza kila kitu.

"Lisemee hapa, Msiba," kiti kikanong'ona. "Mgongo wangu umeanza kusahau kwamba ni mgongo. Lisemee hapa, halafu tutamtafutia mzee wako nyingine."

"Kuna nyingine?"

"Sijui."

"Nami sijui," nikasema.

Nilinyanyuka polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoka msikitini katikati ya mawaidha. Mawaziri waliinama. Gaudensi hakuinuka, hakuna aliyemwambia. Nilipofika kwenye mstari wa chokaa nikamsikia akisema, kwa sauti isiyo ya kiti hata kidogo:

"Chande."

"Nakuja," nikamjibu.

Ndilo neno letu watu wa huku tunapoondoka.

Nakuja. Nilitembea nalo. Nakuja, Gau, nikimaliza. Mgongo wa miaka kumi na minane hauvunjiki kwa siku moja. Kwani nani alimwambia ageuke? Mimi nilisema yuko getini; sikusema geuka. Na baba ni baba. Rafiki unaweza kumpata wa kitanda kingine. Nakuja. Bweni zima lilikalia bweni zima, na nani alikufa? Alikufa mmoja tu, na yeye alikuwa na pumu. Nakuja, nakuja.

"Unaongea na nani?" akauliza Dada Asumpta. Tulikuwa tukienda pamoja Banda la Saba, yeye na wembe wake na kibakuli cha sabuni.

"Na shangazi."

"Mpe pole."

"Dada Asumpta, baba amefungwa?"

Alisimama akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali la darasa la pili. "Hajafungwa," akasema. "Hajaruhusiwa tu."

"Ananikumbuka?"

"Anamsubiri mwanawe. Ndiyo kazi yake, anaifanya vizuri, sijawahi kuona anayesubiri vizuri kama yule. Kila asubuhi namnyoa, mvi nazipaka masizi, asizidi pale alipokuwa. Ana miaka thelathini na minane, safi kabisa." Akafungua mlango ambao sikuwahi kuupita. "Sasa sikiliza. Simama nyuma ya mstari. Sema hilo neno, usiseme lingine. Nyie mliosomeshwa mna midomo mingi."

Palikuwa na mwanga wa saa ya watoto kutoka shule. Taa moja kubwa ilikuwa jua. Meza, sahani, ugali wa plasta sasa, maana wa kweli panya walishamaliza, na baba. Nilikuwa nimesahau kwamba ana masikio makubwa. Nimebeba masikio hayo maisha yangu yote, yamevutwa na viranja wa kila aina, na sikukumbuka yalitoka wapi. Macho yake yalikuwa mlangoni, mlango wa mbao uliochorwa, ambao mtoto alipaswa kuingilia. Hayakupepesa. Na mkono ulikuwa pale. Sitausahau mkono ule, na ukitaka kujua hadithi hii yote inahusu nini, inahusu huo: vidole vitano vilivyokunjwa kama vimeshika tonge, vikiwa havijashika kitu; mkono wenyewe ulikuwa umezoea kutokufika. Ulikuwa umenitii nusu. Nusu ya mkono ule ilikuwa imeniamini kwa sekunde moja nilipokuwa na miaka tisa, na kwa imani hiyo ya sekunde moja ulikuwa umeadhibiwa kila siku, kwa kipimo, kwa wembe na sabuni, mbele ya ugali usiolika.

Mwongozaji alikuwa ameshafika, ametupa mgongo, kioo juu. Nilisimama nyuma ya mstari wa chokaa. Nilitoa karatasi yangu. Nilivuta pumzi.

Ujue nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo chini ya blanketi kwa miaka tisa. Nililisema kwa sauti nene, nyembamba, ya kuamuru, ya kubembeleza. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba nitakuwa namwambia baba. Kata! Hivyo hivyo, kavukavu, kama namwagiza muuza nyama? Mtu niliyetoka kwake bila kuaga, ambaye sijamwamkia kwa miaka tisa? Nilikuwa nimewaamkia bomba na kengele na mbwa na kiatu cha kushoto. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwamkia mtu juu ya ngazi, kwa mzaha. Na sasa mbele ya baba nimefunga mdomo, nasubiri kumrushia amri. Magoti yakakumbuka kokoto. Kichwa kikainama chenyewe. Sikulisema mimi, lilinitoka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe lilitoka likiwa na kitu ndani yake.

"Shikamoo, baba."

Wembe ulianguka kwenye kibakuli.

Ndilo lilikuwa neno langu. Lile moja, la mlangoni, la kaptula ya kaki, ambalo hata kasuku asingelikosea. Nilichelewa kulisema miaka tisa, na nililisema vizuri kuliko ambavyo mtoto yeyote angeweza.

Macho ya baba yalitoka mlangoni. Yalipita kamera, yalipita chokaa, yakanipata. Uso wake ulifanya kile ambacho uso wa Gaudensi ulikuwa umeanza kukifanya, ila huu hakuna aliyeupiga kofi, ukaendelea mpaka mwisho.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Na mkono ukashuka. Nitashukuru kwa hilo siku zote nitakazokuwa hapa, nazo ni nyingi: mkono ulishuka taratibu mpaka ukagusa sahani, na vidole vikafunguka.

"Umechelewa," akasema. "Njoo ule."

"Kata!" nikapaza. "Kata, kata! Ninayo haki, hii hapa, ina mhuri! Kata!"

Nikatazama miguu yangu. Mstari wa chokaa ulikuwa nyuma ya visigino vyangu. Sikusogea hata hatua. Dada Asumpta ni mwepesi wa kufuta na kuchora, ndiyo kazi yake.

Baba alicheka. Kicheko chake kilikuwa na vumbi la miaka. "Mtundu wewe," akasema. "Unaiga sauti ya nani tena?"

"Vizuri sana," Mwongozaji akasema polepole, na kwa mara ya kwanza akashusha kioo, lakini hakugeuka. "Vizuri mno. Endeleeni."

Dada Asumpta aliniletea kaptula ya kaki. Haikupita mapajani; akaipasua nyuma, ambako kamera haioni. Alininyoa ndevu zangu tatu, nilizozihangaikia sana. Kila asubuhi sasa huja, ananinyoa miguu pia, nisizidi miaka tisa. Nilimwambia siwezi kula nimesimama, akanijibu kwamba huku kitu kisichopotea ni viti. Kuna kimoja kimebaki kwenye picha ya mfalme. Wanaume wawili wakakibeba wakakiweka mezani, upande wangu.

Nilikibonyeza kwanza kwa kiganja. Kilikuwa na joto.

"Kaa, mwanangu," akasema baba.

Nikakaa.

"Umenenepa," kiti kikasema, na hakijasema lingine tangu siku hiyo.

Sasa mimi humega plasta, baba humega plasta, tunatazamana. Ana furaha. Ananiuliza habari za shule na mimi namwambia nzuri. Kati ya tonge na tonge napata muda mdogo wa kufikiri, na ndani ya muda huo nakusemesha wewe unayesoma, kwa kuwa wewe uko nyuma ya mstari na hakuna wa ndani aliyekujibu bado. Kama una haki sijui. Hata ya kwangu ilikuwa karatasi. Jaribu tu. Liseme lile neno, silabi mbili, kavukavu, bila adabu yoyote, kama mtu anayemwagiza muuza nyama. Lakini nakuomba, kwa heshima zote nilizojifunza kwenye kokoto, usitusalimie kwanza.

Baba huitikia.